Folda, Utepe na Kingo za Mfarishi

Folda ni kifaa cha cherehani kinachokunja utepe wa kufunika ukingo wa kitambaa unaposhonwa. Ya kwanza niliyoinunua haikunifaa, kwa sababu ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Ilikuwa ile ndogo inayofungwa mahali pa mguu wa cherehani, inayopokea utepe wa milimita 24 na kuutoa ukiwa umekunjwa hadi milimita 6 hivi. Ni nzuri kwa shingo za magauni, lakini mfarishi una matabaka matatu, yaani kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini, na mdomo mwembamba namna ile hauwezi kuyameza.

Hadi wakati huo nilikuwa nikipinda mifarishi yangu yote kwa njia ya zamani: nashona utepe upande wa mbele kwa cherehani, naugeuzia nyuma, kisha namalizia kwa sindano ya mkono nikiwa nimeketi barazani kwetu Ngamiani, Tanga, baada ya Isha. Mfarishi mmoja wa kitanda ulinichukua jioni mbili, na vidole viliuma.

Folda ya pili ndiyo iliyonifungulia njia. Hii haifungwi kwenye mguu bali kwenye kitako cha cherehani. Cherehani yangu ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga, na upande wa kulia wa sindano ina matundu ya skrubu yaliyowekwa kwa ajili ya vifaa vya kuongozea kitambaa. Folda hupokea utepe wa milimita 42, huukunja kingo zake kwa ndani, kisha huulaza maradufu juu ya ukingo wa mfarishi, ukabaki na upana wa milimita 10 hivi kila upande. Kuifunga ni rahisi. Kazi ni kuipata nafasi yake. Mdomo wake ukae karibu na sindano kadiri mguu unavyoruhusu, na sindano iangukie kama milimita 2 kutoka ukingo wa ndani wa utepe. Ikikaribia ukingo zaidi ya hapo, mbele utaona mshono mzuri kumbe nyuma utepe umeachwa. Nilishona vipande vingi vya majaribio, vyote vikiwa na matabaka matatu kamili, kwa kuwa jaribio la kitambaa kitupu halikuambii lolote kuhusu mfarishi.

Hata hivyo mfarishi wa kwanza uliharibika, nao ulikuwa wa thamani kwetu. Nilikuwa nimeushona kwa kanga za marehemu bibi kwa ajili ya binti wa dada yangu aliyejifungua. Mbele utepe ulinyooka, ila nilipougeuza nikakuta sehemu ndefu kama shibiri mbili ambayo utepe wa nyuma haukushikwa kabisa, na pamba inachungulia. Zaidi ya hilo, upande wa chini utepe ulikuwa umefunika nusu ya herufi za jina la kanga, lile lisemalo "Wema hauozi". Niliumia sana kuona maneno ya bibi yamezibwa.

Nikaupeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeshona makoti na magodoro maisha yake yote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione nyuma kwanza."

Aliupitisha ukingo wote kati ya kidole gumba na cha shahada bila kuutazama, akasimama palepale penye kasoro. "Folda inakunja tu, mwanangu, hainyooshi. Hapa ukingo wako umeingia ndani, basi utepe haukupata cha kushika."

Akanielekeza nipige bandi, yaani mshono wa kushikiza, kwa cherehani kuzunguka mfarishi mzima, nusu sentimita kutoka ukingoni, ili pamba ibanwe na matabaka yaache kuteleza, na nikishamaliza ndipo nikate ukingo kwa rula na mkasi mkali. Mimi nilikuwa nikikata kwanza, nami sikuwa nikipiga bandi kabisa. Tangu nibadilishe mpangilio huo, utepe haujaniacha tena.

Kuhusu utepe wenyewe, naukata kwa hanamu, yaani mshazari wa digrii 45 kutoka mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa), kwa sababu utepe uliokatwa wima haupindi vizuri kwenye pembe. Vipande naviunga kwa mshazari pia, kisha naufungua mshono kwa pasi na kuupunguza, kwani kiungo cha wima hurundika unene mahali pamoja na kukwama ndani ya folda. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa mita 7. Mimi huandaa mita 7 na nusu. Naupiga wanga na pasi muda mfupi kabla ya kushona, maana majira ya mvua hewa ya Tanga ni nzito na utepe uliopigwa wanga asubuhi huwa umelegea kufikia alasiri. Sindano ni namba 16, na mshono ni wa milimita 3 au zaidi kidogo.

Pembe nazizungusha kwa kuchora kisahani cha chai, kwa kuwa folda haiwezi pembe kali. Nikifika hapo nakanyaga taratibu sana, mkono wa kushoto ukiugeuza mfarishi na wa kulia ukiusukuma ukingo ndani ya mdomo wa folda, bila kuuvuta kamwe.

Mwanzoni navuta utepe mtupu wa sentimita 20 kupitia folda ili upate mikunjo yake, ndipo naingiza mfarishi. Ikibaki kama sentimita 25 kufika nilipoanzia, nasimama, nakata utepe, naunga ncha mbili kwa mkono, nazikunja kwa kufuata mikunjo ileile na kumalizia kwa mguu wa kawaida.

Mfarishi wa kanga za bibi niliufumua ukingo wote. Ili jina la kanga lionekane lote, niliongeza ukanda wa kitambaa cheupe chini ya jina, upana wa sentimita 4, nikashona upya. Kuzungusha utepe kulinichukua dakika 40 hivi. Mifarishi ambayo mteja anataka pembe zake ziwe za mraba bado naimalizia kwa mkono barazani.