Nilimwambia mgeni kwamba najisaidia

Kila aliyesikia najifunza Kihispania alinipa ushauri uleule: Kiingereza si unakijua, basi nusu ya kazi umeshamaliza. Uongo mtupu. Kiingereza ndicho kilichonipotezea miezi minne.

Mimi ni dereva wa watalii. Kwetu ni Busia, kazi yangu Entebbe, na wageni ninaowapeleka Bwindi kuona gorila mara nyingi ni Wahispania. Nilianza na programu ya simu, nikachoma bando la pesa sijui ngapi nikifundishwa kwamba dubu anakula tofaa. Dubu wa wapi Uganda hii? Rafiki mmoja akasema nikariri jedwali la kitenzi cha kusema: hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan. Nikalikariri kama kwaya, Entebbe hadi Mbarara, na bado sikuweza kusema neno.

Siku ya aibu ilikuwa Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta ambapo kila mgeni lazima ashuke apigwe picha. Mama mmoja wa makamo, mtu wa Sevilla, alikuwa na begi kubwa na kofia inayopeperuka. Akaniambia: “¿Me ayudas?” Nikaelewa! Kwa furaha nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza vinyago: “¡Sí, me ayudo!” Mama akanitazama, akatazama begi, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, begi limebaki palepale. Usiku nikachukua daftari nikaligeuza jibu langu kwa Kiswahili. Kumbe aliuliza “Unanisaidia?” nami nikamjibu “Ndiyo, najisaidia.” Namshukuru Mungu kwamba kwa Kihispania maneno hayo hayafiki chooni.

Lakini daftari lile ndilo lililonifungua macho. Unanisaidia, nakusaidia: mtoto wa Busia wa miaka mitatu hakosei hapo, kwa nini mimi nikosee? Nikayakata maneno vipande. Katika “nakusaidia” dereva ni “na-”, yuko mbele, abiria “-ku-” yuko katikati, injini inafuata. “Te ayudo” ni gari lilelile, ila abiria “te” amekaa mbele, injini “ayud-” katikati, na dereva, ile “-o”, yuko nyuma kabisa kwenye buti. Ndiyo maana Mhispania hana haja ya kusema “yo”, yaani mimi, kila mara; dereva yumo ndani ya mkia. Swali likija na “me” mbele na “-as” nyuma, jibu linageuza vyote viwili: “te”, “-o”. Miezi minne nilikuwa napachika yule abiria mwishoni kwa sababu Kiingereza humweka huko.

Kuanzia hapo nikaona undugu kila mahali. Sisi twasema “naona nyumba” lakini “namwona Juma”. Mtu hatumwachi hivihivi. Nao husema “veo la casa”, ila “veo a Juma”. “Me gusta el té” usiitafsiri kwa “napenda”, utapotea. Sema “chai inanipendeza”, halafu utajua kwa nini pikipiki zikiwa nyingi wao husema “me gustan las motos”. Ni zenyewe zinazopendeza, wewe umekaa tu. Kitu kimoja kilinisumbua: “-ji-” yetu haibadiliki, yao inabadilika. Nilijitambulisha “se llamo” wiki nzima kabla mtu hajanihurumia akaniambia ni “me llamo”, yaani najiita.

Kisha nikagonga ukuta. “Nilimpa” ni sawa, “le di”. Lakini wao huweka abiria wawili, mtu na kitu, na Kiswahili kina kiti kimoja. Hakuna anayesema “nilikimpa”. Nikakaa sebuleni nimeshika kichwa. Jikoni mke wangu, ambaye ni Muganda, akamfokea mtoto aliyemnyima mdogo wake kikombe: “Ekikopo kimuwe!” Nikaruka. Ki-mu-we! “Ki” ni kikombe, “mu” ni mdogo mtu, “we” ni kupa. Viti viwili, ndani ya nyumba yangu, miaka tisa nasikia! Hiyo ni “dáselo”, dá-se-lo, yenye abiria walewale wawili, isipokuwa kwenye amri Kihispania huwakalisha nyuma ya injini, tena Kiganda hutanguliza kitu na Kihispania hutanguliza mtu. Hiyo “se” ni “le” iliyovua koti, kwani “le lo” hawaitamki. Mke wangu akauliza kama ninaumwa.

Vitenzi vikorofi bado vinanipiga, hasa “ir”, yaani kwenda: leo “voy”, jana “fui”, ukoo haufanani hata pua. Hivyo nimevikariri tu, sina ujanja.

Mwezi uliopita, tukitoka hotelini Entebbe kwenda uwanja wa ndege, mzee mmoja akaniuliza huku amejiinamia anafunga kamba za viatu: “¿Le diste la llave a la recepcionista?” Yaani, ulimpa dada wa mapokezi ufunguo? Nikamjibu: “Sí, se la di.” Ndiyo, nilimpa huo, abiria wote wawili wamekaa mahali pao. Hakucheka, wala hakuinua kichwa. Alihamia kiatu cha pili.