Anayelia na anayeeleza

Kazi yangu kubwa kwenye dawati la habari za kimataifa ni kukata. Habari inaingia kutoka shirika kubwa ikiwa na maneno 800, nafasi iliyobaki ni ya 300, na saa ya kufunga ukurasa haina rafiki. Unakata kuanzia chini. Ndivyo tulivyofundishwa wote: zito liwe juu, la ziada mkiani, mkia uondoke. Nimekata miaka mingi, hata siku hizi naweza kukwambia nani amekaa wapi kabla sijafungua faili lenyewe. Msemaji wa jeshi yuko aya ya pili. Waziri aya ya nne. Anafuata ofisa wa Umoja wa Mataifa, halafu mchambuzi wa taasisi fulani ya London au Washington. Mwanamke yuko mwisho kabisa, na mara nyingi ametambulishwa kama "mama wa watoto watatu". Huyo ndiye anayeondoka na mkasi.

Msemaji wa jeshi naye ana watoto, nadhani. Hatuambiwi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi wanawake hawaonekani kwenye habari za dunia. Wanaonekana sana, hasa pakiwa na vita, mafuriko au njaa. Picha kubwa ya juu karibu kila mara ni yao. Kinachonikera ni wanachoulizwa. Mwanamume huulizwa kwa nini jambo limetokea na nini kitafuata. Mwanamke huulizwa anajisikiaje. Ukishaligundua hili huwezi tena kusoma habari za nje kwa amani, na kama nimekuharibia, pole.

Kuna mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari ulioanza mwaka 1995. Kila baada ya miaka mitano huchaguliwa siku moja tu, na watu wa kujitolea katika nchi nyingi hukaa chini kuhesabu: nani ametajwa, nani amenukuliwa, nani ameonyeshwa. Mwaka ule wa kwanza wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliosikika au kuonekana kwenye habari. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Kwa mwendo huo hata kobe angetupita. Lakini namba inayonisumbua zaidi ipo ndani ya hiyo robo yenyewe: wanawake wana nafasi kubwa zaidi wanapokuwa watu wa kusimulia yaliyowakuta kuliko wanapokuwa wataalamu au wasemaji. Yaani tumewaruhusu waingie, ila kwa mlango wa machozi.

Chukua maelezo ya picha, yale maneno mawili matatu ya chini ambayo hakuna anayeyahariri kwa makini. Usiku mmoja iliingia picha ya mwanamke amekaa ukingoni mwa barabara, mtandio umemwangukia mabegani, kiganja kimefunika mdomo, na nyuma yake jengo limeporomoka upande mmoja. Picha nzuri mno, kama picha ya namna hiyo inaweza kuitwa nzuri. Chini yake iliandikwa: mwanamke akilia baada ya shambulio la anga. Basi. Kwenye picha iliyofuata, ya tukio hilohilo, alikuwapo mwanamume mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na yeye alikuwa na jina, umri na cheo: mkuu wa kikosi cha uokoaji.

Nilimwandikia mpiga picha kumuuliza yule mama anaitwa nani. Alijibu haraka, ni mtu muungwana, tena jina alikuwa nalo kwenye daftari; hakuna mhariri aliyewahi kumdai. Akaongeza, kama jambo la pembeni, kwamba ni mfamasia, na kwamba jengo lile lilikuwa na duka la dawa analolisimamia. Habari yetu usiku ule ilikuwa na aya mbili za msemaji wa serikali akihakikisha kwamba dawa zipo za kutosha. Simu za eneo lile zilikuwa zimekatika, kwa hiyo sikuweza kumfikia. Lakini mtu wetu mwenye kamera alikuwa amesimama mbele yake, na mtu wetu mwenye daftari alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na kati yao hakuna aliyefikiria kumuuliza kuhusu dawa.

Nikilisema hili kazini, kuna jibu ambalo halikawii: basi tupeleke waandishi wanawake. Wameshapelekwa, na wengine walijipeleka baada ya kunyimwa ruhusa. Juni 1944, jarida alilokuwa akiliandikia Martha Gellhorn lilimpa mumewe, Ernest Hemingway, nafasi ya kuripoti majeshi ya washirika yakivamia pwani ya Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia. Gellhorn akapanda meli ya hospitali, akajifungia chooni mpaka ilipong'oa nanga, kisha akashuka pwani pamoja na wabeba machela. Mwaka 1950, jenerali mmoja wa Marekani aliamuru mwandishi wa vita Marguerite Higgins aondolewe Korea, hoja ikiwa ni kwamba vitani hakuna vyoo vya wanawake. Ikabidi mkubwa wa jenerali huyo, MacArthur, atengue amri, na mwaka uliofuata Higgins akapata tuzo ya Pulitzer. Choo kimebeba historia nzito katika fani hii: kwa mmoja kilikuwa maficho, kwa mwingine kisingizio cha kumfukuza.

Hata hivyo siamini kwamba mwandishi akiwa mwanamke tu habari inabadilika yenyewe. Nimefanya kazi na wahariri wanawake ambao mkasi wao ulikuwa mkali kuliko wa mwanamume yeyote niliyewahi kukaa naye zamu. Kinachobadilisha habari ni mwandishi kukaa chini na watu ambao wengine wamewapita, na kuwachukulia kuwa wanajua kinachoendelea. Marie Colvin, mwandishi wa vita, alikuwa na tabia hiyo. Mwaka 1999 huko Dili, Timor Mashariki, waandishi wengi walipoondoka, yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa pamoja na raia waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Februari 2012 aliingia Homs, Syria, na moja ya habari zake za mwisho ilitoka kwenye chumba cha chini ya jengo kilichojaa wajane na watoto. Akaandika wanakula nini, maziwa ya kina mama yalivyokauka, na watoto wachanga wanavyonyweshwa sukari na maji. Akaandika pia kwamba watu wale walikuwa wakiuliza kwa nini dunia imewatupa. Ukiliangalia vizuri, hilo ni swali la siasa. Ni swali ambalo kwa kawaida tungempa mchambuzi wa London. Siku chache baadaye, tarehe 22 Februari, Colvin aliuawa kwa makombora mjini humo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote si wa wanahabari, ni wa mahakama, lakini kila mwandishi kijana anayekuja kukaa na mimi zamu lazima nimsimulie. Mwaka 1997, katika mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, ilianza kusikilizwa bila shtaka lolote la ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, akiwa anaeleza mambo mengine, alitaja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Maneno ya namna hiyo, kwenye habari zetu, ndiyo yanayoishia mkiani. Pale Arusha, majaji walimuuliza zaidi, na kati ya majaji watatu mmoja alikuwa mwanamke, Navanethem Pillay. Maswali yalizaa ushahidi, ushahidi ukasababisha hati ya mashtaka irekebishwe, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani katika hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari. Waandishi walikuwa wakiujua ubakaji wa Rwanda tangu 1994. Uliandikwa, lakini uliandikwa kama uchungu wa watu, pembeni ya habari yenyewe.

Sasa, kuuliza zaidi nako kuna ubaya wake, na hapa wanahabari tuna deni. Wanawake wa Kiyazidi, jamii ndogo ya kidini ya Iraq, waliotoroka mikononi mwa Dola la Kiislamu baada ya 2014 walihojiwa wakahojiwa tena, mwandishi akitoka hema hili anaingia lile, na swali likiwa ni lilelile: eleza walivyokufanya. Nadia Murad, mmoja wa manusura hao, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na daktari Denis Mukwege, ameendelea kulisema hili hadharani, na mwaka 2022 ulizinduliwa mwongozo wenye jina lake wa namna ya kukusanya simulizi za manusura bila kuwaumiza upya. Ule mwongozo ungefaa ubandikwe ukutani kwenye kila chumba cha habari. Kuuliza kwetu kulikuwa kwingi, ila kulikuwa kwa aina moja tu. Aliyeuza, aliyenunua, njia waliyopitishwa, majina ya makamanda, hayo ambayo yangewapeleka watu mahakamani, yalikuja nyuma ya maelezo ya kitanda.

Hata wanaofika kwenye kiti cha kueleza hawakai kwa bei moja. Januari 2018 Carrie Gracie alijiuzulu uhariri wa BBC wa China alipogundua kwamba wahariri wenzake wawili wa kimataifa, wanaume, wanalipwa angalau nusu zaidi yake. BBC ilikuja kumwomba radhi na kumlipa malimbikizo, fedha alizozitoa msaada. Yeye anaongea Kichina, alikuwa akieleza nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Sina la kuongeza hapo.

Shirika hilohilo, kwa haki, ndilo lililotoa dawa rahisi kuliko zote ninazozijua. Mwaka 2017 mtangazaji Ros Atkins na timu yake walianza kuhesabu, kila kipindi kinapoisha, wanaume wangapi na wanawake wangapi wamealikwa. Hawakumhesabu rais aliyelazimika kuwemo kwa sababu ndiye habari. Walihesabu wale tu ambao timu yenyewe iliwachagua. Nimeikopa kanuni hiyo. Siwezi kubadilisha jinsia ya waziri wa ulinzi, lakini mchambuzi nampigia simu mimi.

Mwenzangu wa zamu, rafiki yangu kabisa, aliniambia hakuna mwanamke anayeelewa makombora. Nikamtumia namba mbili za wachambuzi wanawake. Mmoja hakupokea. Wa pili alipokea, akaeleza umbali, aina ya mafuta na sababu ya kurushwa usiku, kwa sentensi fupi ambazo hazikuhitaji kuguswa. Tulimpandisha aya ya tatu.

Mara ya pili nilipompigia alisita. Aliniambia ataongea, ila tusiweke picha yake kwenye kurasa zetu za mitandao. Nikaenda kusoma maoni yaliyoachwa chini ya habari ile ya kwanza. Mchambuzi mwanamume tuliyemnukuu humohumo alikuwa amesahihishwa tarehe, kwa adabu. Huyu mwanamke alikuwa ameambiwa kuhusu sura yake, kuhusu kuolewa, na mmoja alieleza angemfanya nini akimpata. Utafiti wa UNESCO uliotolewa mwaka 2020 ulikuta asilimia 73 ya wanahabari wanawake walioujibu wamekumbana na ukatili wa mtandaoni katika kazi yao. Wataalamu tunaowaalika hawamo kwenye hesabu hiyo, lakini jalala wanalomwagiwa ni lilelile.

Kwa hiyo siku tukimnukuu yeye tunafunga sehemu ya maoni. Bosi hapendi, kwa sababu maoni ndiyo yanayoisukuma habari iwafikie watu wengi. Mimi nimependekeza tuajiri mtu wa kuyachuja usiku, yeye anasema bajeti haipo. Wiki hii tuna kikao tena.