Maneno ya wodi ya watoto njiti ughaibuni, na yale ya kuchukua kwa uzito

Mtoto akilazwa kwenye uangalizi maalumu wa watoto wachanga, omba mkalimani wa hospitali, hasa daktari bingwa anapopita na siku ya kusaini karatasi. Shemeji anayeijua lugha ya nchi atakufaa sokoni. Kwenye mapafu na ubongo atabahatisha.

Kila kitu huanzia kwenye wiki za mimba. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na chini ya wiki 28 ni njiti wa hatari zaidi. Baadaye utasikia umri uliosahihishwa: umri tangu azaliwe, toa wiki alizowahi kabla ya wiki 40. Aliyezaliwa wiki ya 28 na sasa ana wiki 12, kwa hesabu hiyo ni kama kazaliwa leo. Kukaa na kutambaa hupimwa kwa umri huo, lakini chanjo kwa kawaida hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa.

Utakalolisikia sana ni apnia, yaani pumzi kusimama kwa sekunde 20 au zaidi, au chini ya hapo ikiwa mapigo ya moyo au oksijeni vinashuka. Ubongo bado haujakomaa kuiongoza pumzi. Mwenzake ni bradikadia: mapigo kushuka, mara nyingi chini ya 100 kwa dakika, ilhali kichanga huwa na kama 120 hadi 160. Kengele ikilia, mtazame mtoto kwanza, skrini baadaye, maana kihisio kilicholegea mguuni nacho hupiga kelele. Muuguzi humsugua mgongo au nyayo, akapumua tena. Dawa ya apnia ni kafeini, ndiyo, ile ile ya kwenye kahawa. Usiishie kuuliza zimetokea apnia ngapi leo; uliza kama zinaongezeka, na kama anajirudia mwenyewe au mpaka aguswe. Zikiongezeka ghafla kwa mtoto aliyekuwa ametulia, huenda ni sepsisi, maambukizi ya damu. Ndiyo maana antibayotiki huanzishwa kabla ya majibu ya kalcha, yaani damu kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu, ambayo huchukua kama siku mbili.

Saturesheni ni kiwango cha oksijeni kwenye damu, kwa asilimia. Wazazi hutaka kuona 100, lakini kwa njiti anayeongezewa oksijeni lengo huwa karibu 90 hadi 95, kwa kuwa ikizidi huharibu mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho. Tatizo hilo huitwa ROP, na daktari wa macho atakuja hata kama macho yanaonekana mazima. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, hivyo mtoto aliye kwenye 25 anahitaji nyongeza ndogo tu. CPAP husukuma hewa puani ili vifuko vya mapafu visijifunge, na mtoto anavuta pumzi mwenyewe. Ventileta humsaidia kupumua kwa mrija uliopita kooni. Safaktanti ni dawa ya majimaji inayoingizwa moja kwa moja kwenye mapafu.

Sisi wenye ngozi nyeusi tusisitize mambo mawili. Umanjano huchelewa kuonekana kwenye ngozi zetu: angalia weupe wa macho na ufizi, na uliza namba ya bilirubini (kemikali inayoleta umanjano) ya kwenye damu badala ya kuridhika na jicho la mtu. Kihisio cha oksijeni nacho kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Ukiona mtoto anahangaika kupumua huku namba ni nzuri, uliza kuhusu kipimo cha gesi za damu.

PDA, mshipa karibu na moyo uliochelewa kuziba, mara nyingi hujifunga wenyewe. IVH ni damu kuvuja ndani ya ubongo, huonekana kwa ultrasaundi kupitia utosini. Uliza daraja, kwani la 1 (dogo) na la 4 (kubwa) ni habari tofauti kabisa.

NEC ndilo la kuogopa: utumbo kuvimba na sehemu yake kufa. Tumbo likijaa na kukaza, akitapika kijani au kinyesi kikiwa na damu, mwite muuguzi hapo hapo. Watasimamisha maziwa na kumlisha kwa mshipa. Maziwa ya mama hupunguza hatari, basi yakamue hata yakiwa matone.

Kabla ya kuruhusiwa, wodi nyingi hutaka siku kadhaa mfululizo bila apnia baada ya kafeini kusimamishwa. Tukio moja huweza kurudisha hesabu mwanzo, kwa hiyo usiwatangazie ndugu tarehe mapema.