Nilivyoishi miezi 14 na ugonjwa wa Addison bila kuujua

Ilianza na uchovu, na uchovu ni neno gumu kumpelekea daktari kwa sababu kila mtu amechoka. Wangu ulikuwa hauishi kwa usingizi. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, nikipiga mswaki naegemea ukuta nipumzike, kisha naendelea. Asubuhi kichefuchefu, nikisimama ghafla macho yanaingia giza. Katika miezi mitano kilo zangu 68 zilishuka hadi 59, na sikuwa nimebadilisha chochote.

Halafu kulikuwa na chumvi. Usiku wa manane nilikuwa naamka, namimina chumvi kiganjani na kuilamba hadi iishe. Jambo hilo sikumwambia mtu yeyote. Niliona aibu, na sikudhani lina uhusiano wowote na kuumwa.

Nilizunguka. Daktari wa kwanza alisema vidonda vya tumbo, akanipa dawa za kupunguza asidi. Wa pili alisema homa ya matumbo. Wa tatu akapima presha, akaikuta chini, akaniambia nipumzike na ninywe maji mengi. Wa nne alinisikiliza kwa muda mrefu kuliko wote, akaniona ninavyolia kwa jambo dogo, akasema ni sonona. Sikatai kwamba nilikuwa na huzuni. Mtu akiumwa mwaka mzima bila jina la ugonjwa, huzuni itakosaje? Kila mmoja wao alishika kipande, na kipande alichoshika kilikuwa cha kweli. Presha ilikuwa chini kweli, tumbo lilikuwa linauma kweli. Hakuna aliyeviona vipande vyote vikiwa mezani kwa pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa navibeba bila kujua namna ya kuvipanga.

Katikati ya mzunguko huo nilianguka kwenye ngazi nikachubuka goti la kulia. Lilipona, likaacha kovu. Likumbuke kovu hilo, nitalirudia.

Pigo kubwa lilikuja mwezi wa 13. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba homoni ya TSH, ile inayoiamuru tezi ya thairoidi iliyo shingoni ifanye kazi, imepanda kidogo. Nikaambiwa thairoidi yangu imelegea, na kweli kulegea kwa thairoidi huleta uchovu. Nikapewa vidonge. Nilifurahi mno, maana hatimaye nina jina! Siku ya tisa nikashindwa kunyanyuka kitandani. Natapika, miguu haina nguvu, maneno yanatoka kwa shida.

Mdogo wangu wa kiume ni mhasibu. Aliponisindikiza kurudi nyumbani kutoka kuwekewa dripu, aliniambia, "Dada, wewe ugonjwa wako unausimulia kama hadithi. Kila daktari unamwanzia mahali tofauti. Hebu tuuandike kama hesabu."

Tukamwaga karatasi zote kitandani: vyeti, risiti, majibu ya maabara, hata vifungashio vya dawa vyenye tarehe. Akachora safu tano kwenye karatasi moja: tarehe, kilichotokea, kipimo, dawa, hali baada ya hapo. Ilituchukua karibu saa tatu, mimi nimelala ubavu namjibu, yeye anaandika. Alikataa kabisa kuandika majina ya magonjwa niliyoambiwa. "Hayo ni maoni," alisema. "Tuandike yaliyotokea."

Karatasi ilipojaa, mambo matatu yakajitokeza ambayo macho yangu hayakuwahi kuyaona. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imepimwa kwenye damu yangu mara tatu mahali patatu tofauti: 131, halafu 128, halafu 124, wakati kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145. Kila mahali waliiona wakasema ni kwa sababu ya kutapika. La pili, niliwekewa dripu ya maji ya chumvi mara tatu, na mara zote tatu nilipata nafuu ya siku mbili tatu kisha nikarudi palepale. La tatu ni vile vidonge vya thairoidi: badala ya kuniinua, viliniangusha.

Karatasi hiyo tulimpelekea daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mama wa makamo, mpole wa sauti. Aliisoma kimya. Kidole chake kilishuka taratibu kwenye safu ya mwisho, kikasimama, kikapanda, kikashuka tena.

"Dripu hizi zilikuwa za chumvi au za sukari?"

"Za chumvi, daktari."

"Na vidonge vya thairoidi vikakuzidishia?"

"Siku ya tisa sikuweza kusimama."

Akaiweka karatasi chini, akanitazama usoni. "Mwanangu, unatamani chumvi?"

Nilianza kulia kabla sijajibu. Mwaka mzima nilikuwa nimeificha aibu ile, na kumbe ilikuwa swali la kitabibu.

Alinipima presha nikiwa nimelala, 96 kwa 60. Akanisimamisha, akasubiri, akapima tena: 74 kwa 48. Kisha akanisogeza dirishani, akaniambia nifungue viganja. Akaweka kiganja chake kando ya changu. Mikunjo ya kiganja chake ilikuwa ya rangi ileile ya ngozi inayoizunguka. Yangu ilikuwa kama imechorwa kwa kalamu ya wino mweusi, mstari kwa mstari. Akaniambia nifunue mdomo. Kwenye ufizi kulikuwa na mabaka ya bluu nzito, na moja ndani ya shavu. Akauliza kama nina makovu. Nikamwonyesha magoti. La kushoto lina kovu la utotoni, rangi yake imepauka. La kulia, lile la ngazi, lilikuwa jeusi tii.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo, kwa sababu linatuhusu wenye ngozi nyeusi. Picha nyingi za ugonjwa huu kwenye vitabu ni za watu weupe waliogeuka rangi ya shaba. Hao hata jirani anaweza kushtuka. Kwetu sisi, watu walikuwa wananiambia tu "siku hizi umekuwa mweusi, jua limekupata", na mimi nakubali. Ndiyo maana daktari anayejua hatazami uso. Anatazama mahali ambapo jua halifiki na ambapo weusi mpya unajitenga na wa zamani: mikunjo ya viganja, ufizi, ulimi, na makovu yaliyotokea baada ya kuanza kuumwa.

Alisema anashuku tezi zangu za adrenali zimekufa, yaani ugonjwa wa Addison. Ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kila moja ina uzito wa gramu nne au tano hivi, lakini ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kuhimili shida yoyote, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Aldosteroni ikikosekana, sodiamu inakwenda na mkojo, maji yanaifuata, presha inashuka na potasiamu inabaki ndani ya damu. Kwa hiyo kulamba chumvi haikuwa wazimu. Mwili wangu ulikuwa unajitibu kwa njia pekee iliyobaki.

Na weusi? Ubongo ukiona kotisoli haipo, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga homoni ya ACTH kwa wingi kuziamrisha adrenali zifanye kazi. ACTH hiyo ikizidi huziamsha pia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tezi zilizokufa hazikusikia amri, ngozi ikaisikia.

Vidonge vya thairoidi navyo vilikuwa na maelezo yao. Upungufu wa kotisoli peke yake unaweza kuipandisha TSH kidogo. Ukimpa mtu wa namna hiyo homoni ya thairoidi kabla ya kumpa kotisoli, unauharakisha mwili kutumia kotisoli ile kidogo iliyobaki. Aliyenipa hakuwa na nia mbaya, alitibu namba aliyoiona.

Kilichofuata kilinishangaza zaidi. Nilitegemea aniambie nirudi baada ya majibu. Alisema hasubiri. Alichukua damu kwanza, kwa ajili ya kotisoli na ACTH, na papo hapo akaagiza miligramu 100 za haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, kwenye mshipa pamoja na dripu ya chumvi. "Ukiwa huna ugonjwa huu, dozi hii haitakudhuru," alisema. "Ukiwa nao na nikasubiri, unaweza usiamke." Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Jioni niliketi mwenyewe na kuomba chakula. Mdogo wangu alitoka nje ya wodi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Majibu yalipokuja, kotisoli ya asubuhi ilikuwa nanomoli 58 kwa lita, wakati mtu mwenye hali kama yangu alitakiwa awe na mamia. ACTH ilipita mara kumi ya kiwango cha juu. Potasiamu 5.9, juu ya kawaida. Kwa mgonjwa ambaye namba zake ziko katikati kuna kipimo kingine: anachomwa sindano ya mikrogramu 250 za ACTH iliyotengenezwa maabara, kisha kotisoli inapimwa baada ya dakika 30 na 60 kuona kama tezi zinaitikia. Mimi sikukihitaji.

Ikabaki kujua sababu. Daktari Mwingereza Thomas Addison, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1855 akiwa katika hospitali ya Guy's, London, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake tezi zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu, na mpaka leo hicho ndicho cha kwanza kutafutwa pale kifua kikuu kilipo kingi. Nilipimwa makohozi, nikapigwa picha ya kifua na picha ya CT ya tumbo. Tezi zilizoshambuliwa na kifua kikuu mara nyingi huonekana zimevimba au zimeota chokaa. Zangu zilikuwa zimesinyaa, karibu hazionekani, na damu ilikuwa na kingamwili zinazozishambulia. Mwili wangu ndio ulioziua tezi zake.

Wakati wa Addison mtu wa namna yangu alikuwa anakufa tu. Kotisoni, homoni ya jamii ya kotisoli, ilipata matumizi kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1950 wanasayansi Kendall, Reichstein na Hench wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni hizi. Mara nyingi nikishika kidonge changu cha asubuhi huwafikiria watu hao kwa shukrani ya kweli.

Kuishi na ugonjwa wenyewe kulinihitaji nijifunze upya. Haidrokotisoni nakunywa mara tatu: miligramu 10 kabla sijashuka kitandani, 5 mchana, 5 alasiri, kwa sababu kotisoli ya mwili wenye afya hupanda alfajiri na kushuka kuelekea usiku. Fludrokotisoni, ambayo inashika nafasi ya aldosteroni, ni miligramu 0.1 mara moja kwa siku. Hizo ni dozi zangu, zilizopangwa kwa damu yangu na presha yangu; mwingine atapangiwa zake. Watu walinitisha sana na neno steroidi, kundi la dawa ambamo hizi zangu zimo: utavimba, mifupa itaoza, acha polepole. Mimi narudishiwa kile ambacho tezi zangu zingetoa zenyewe, si zaidi. Nikiacha, siku chache tu zinatosha kunirudisha kwenye lile godoro la mwezi wa 13.

Jambo gumu kuliko yote ni kuugua kitu kingine. Mtu mwenye afya akipata homa, adrenali zake huongeza kotisoli bila yeye kujua. Mimi ni lazima niiongeze kwa mkono wangu. Daktari aliniandikia: joto likipita 38, dozi mara mbili, likipita 39, mara tatu, nikitapika kidonge, nisibahatishe, nichomwe sindano kisha hospitali.

Mwaka wa pili ilinikuta. Saa nane usiku natapika na kuharisha, kidonge kinarudi nilivyokimeza. Mdogo wangu alikuwa amefundishwa na muuguzi, lakini hakuwahi kumchoma mtu. Alikifungua kichupa cha unga wa haidrokotisoni, akavuta maji, akayaingiza, akakizungusha kati ya viganja bila kukitikisa hadi unga ukayeyuka wote. Mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka sindano ilipogusa paja, hapo ukatulia. Miligramu 100, kwenye msuli.

Hospitali tuliyoikimbilia wakatuambia tukae foleni, kwa kuwa nilikuwa natembea na ninazungumza. Mdogo wangu akatoa kadi yangu, ambayo imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba sina tezi za adrenali zinazofanya kazi, kwamba nahitaji haidrokotisoni na dripu ya chumvi mara moja, na dozi yake. Yule muuguzi aliisoma mara mbili, akaondoka karibu kwa kukimbia. Baada ya dakika chache nilikuwa kitandani na mshipa umeshapatikana. Tangu usiku ule kadi sitembei bila hiyo, na nakala yake ipo kwenye simu, kwenye mkoba na kwenye droo ya kazini.

Karatasi ya safu tano tunaiendeleza. Vidonge vya thairoidi vilisimamishwa, na miezi kadhaa baadaye TSH ikakaa sawa yenyewe. Kilo zilirudi hadi 66. Chumvi bado naiheshimu, ila usiku nalala.

Ufizi ulianza kurudi rangi yake mwezi wa tatu wa dawa, kisha mikunjo ya viganja ikafifia taratibu. Kila kliniki daktari hunisogeza palepale dirishani na kuweka kiganja chake kando ya changu. Kovu la goti la kulia halikubadilika. Alinieleza kwamba kovu linalotokea wakati ugonjwa umewaka hubaki na rangi hiyo. La kushoto limepauka kama lilivyokuwa tangu utotoni, la kulia jeusi tii, na nikikaa magoti yote mawili yanaonekana.