Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli wa Tabora wakati wa masika

Saa 10:45 alfajiri

Alamu inalia mara ya pili. Mvua ya usiku imekatika lakini matone bado yanadondoka kutoka kwenye mabati, na shuka limepata ule ubaridi wake wa Januari. Hamu ya mazoezi sina hata chembe. Leo Jumatano, na mashindano ya baiskeli huku kwetu ni mambo ya kiangazi, kuelekea Saba Saba na Nane Nane. Miezi mitano na ushee. Sijawahi kumwona mtu anayeamka gizani kwa ajili ya Saba Saba.

Naamka kwa sababu ya mama mmoja mwenye mgahawa. Asipopata lita kumi za maziwa kabla ya saa 2 asubuhi, chai ya maziwa haipo, na isipokuwepo, kila mteja ataelezwa kwa sauti kwamba kosa ni la fundi baiskeli wa Isevya.

Mpango huu wa kufanya mazoezi kwa kubeba maziwa una mwaka mmoja. Kabla yake nilikuwa kama wenzangu wengi: mvua za kwanza zikianguka Novemba naweka baiskeli ndani, najiambia nitaanza tena Desemba, mara Krismasi, mara mwaka mpya. Mwaka juzi nilianza tena baada ya Pasaka. Mashindano ya Agosti niliachwa na kundi kabla hata ya nusu ya njia, nikafika wakati wenzangu wanakunywa soda. Mwili hausubiri. Wiki mbili tu za kukaa, maji ya damu yanapungua na moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Ukifikisha mwezi, pumzi nayo inaondoka. Kuirudisha ni kazi ya miezi.

Saa 11:15

Baiskeli ya mashindano imening'inia kwenye kenchi tangu mwisho wa Oktoba, cheni imepakwa mafuta. Masika siigusi, na nadhani hiyo ni nusu ya siri yenyewe. Ukiipanda kwenye tope unaanza kujipima na ulivyokuwa Agosti, unaona uko polepole, unakata tamaa. Ninayopanda ni Phoenix aliyoniachia baba: gea moja, breki za vyuma, keria niliyoichomelea nondo, keni moja ya alumini kila upande. Phoenix haina kumbukumbu za ushindi wowote, kwa hiyo hainisuti.

Natoka na tochi kichwani. Tabora jua linachelewa kuliko Dar. Mwezi huu linachomoza karibu saa 12:45. Kwa mzee mfugaji ni kilomita 17, kumi na tatu za lami kwenye barabara ya Nzega na nne za tope ndani ya kijiji. Kwenda keni ni tupu, ndipo ninapofanya kazi: nguzo sita za umeme kwa nguvu zote, nguzo sita za kupumua, hadi nizunguke mara nane. Leo nimeishia ya saba. Ya nane niliiruka, nikajidanganya kwamba kuna mbwa.

Saa 12:20

Tope la kijijini halina mazungumzo. Unashuka, unasukuma, ndala zinabaki nyuma, unazirudia. Mzee ameshafunga ndama kando.

"Mwangaluka, mwanangu. Hata leo?"

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo. Hata leo."

Masika majani yamejaa, ng'ombe wake wanatoa maziwa hadi anahangaika pa kuyapeleka. Ikifika Agosti nyasi zimekauka, mifugo inahamishwa mbali kutafuta maji, na ndama wanabakiwa na kidogo tu. Yaani maziwa ni mengi miezi ileile ambayo sina mashindano, na yanaisha miezi ninayohitaji baiskeli nyepesi. Sikuupanga mimi. Mwaka jana nilikuja tu kumzibia pancha, akalalamika maziwa yanamwagwa, nikasema nitachukua lita tano. Leo ni thelathini.

Saa 12:50 hadi 1:55

Lita moja ya maziwa ni kilo moja na kidogo, hivyo nina kilo thelathini na moja nyuma, mbali ya keni. Kurudi hakuna nguzo. Ni mwendo wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, miguu inazunguka, mgongo umetulia. Wakimbiza baiskeli wakubwa nao miezi yao ya mapumziko wanaendesha saa nyingi kwa mwendo wa chini hivyohivyo, kujenga msingi kabla ya kuweka kasi. Sema wao hawabebi maziwa. Ukifunga breki ghafla maziwa yanasogea mbele na wewe unayafuata. Na rimu ikilowa breki haishiki mzunguko wa kwanza wala wa pili, inabidi uanze kuibana mapema ili ifute maji kwanza. Hilo nimelijua kwa kuingia kwenye mtaro.

Njiani akina mama wameanza kupanga mafungu ya uyoga kando ya lami. Nanunua moja, natundika kwenye usukani.

Mama anatoa kipima maziwa chake kabla hata ya kuitikia salamu. Kinaelea vizuri.

"Mvua yote ile ya usiku hukuongeza?"

"Mama, mimi ni fundi wa baiskeli, si wa maji."

"Haya fundi, kunywa chai. Umechelewa dakika tano." Sikuchelewa.

Chai, matobolwa na karanga. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tamu na vinashika tumbo hadi mchana. Kuna watu wananiuliza nakula nini maalumu. Hicho.

Saa 3:00 asubuhi

Nafungua banda. Kijana wangu, anayejifunza kazi, ameshatangulia kufagia.

Masika ni msimu wa gololi. Baiskeli inavuka dimbwi, maji yanaingia kwenye habu na kwenye ekseli ya pedeli, grisi inatoka, mwenyewe anaendelea kuendesha hadi ianze kulia kama panya. Leo zimeingia nne za namna hiyo. Moja ni ya mkulima wa tumbaku. Nilipofungua habu ya nyuma zilimwagika gololi saba zilizobaki na uji wa kutu. Analipa akivuna. Nusu ya daftari langu la Januari ni la watakaolipa wakivuna, ndiyo maana ile shilingi mia nne ya faida kwa kila lita ya maziwa si mazoezi tu.

Saa 6:30 mchana

Ugali, uyoga wa asubuhi kwa karanga, na embe. Embe za Tabora wakati huu hununui, unaokota.

Kijana anauliza swali analouliza kila akiniona nimechoka. Septemba 2025 tulitazama pamoja kwenye simu mashindano ya dunia ya barabarani pale Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 za vilima, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Tangu hapo anataka kujua maisha ya watu wale.

"Anko, Ulaya sasa hivi si ndiyo baridi? Wanaendeshaje kwenye barafu?"

Nikamweleza kwamba miezi yao migumu ndiyo hii yetu, Desemba, Januari, Februari. Wenye timu na pesa wanahamia kambi kwenye jua, Hispania hasa. Wasio nazo wanafunga baiskeli kwenye mashine sebuleni, mbele ya runinga, wanaendesha bila kwenda popote, jasho linatiririka chini. Wengine wanaungana kwa intaneti kushindana na mtu aliye nchi nyingine, kila mmoja kwenye chumba chake.

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo nao hawapendi kutoka."

"Hawapendi."

Ilimfurahisha sana. Nami pia, nikikumbuka nguzo ya nane.

Saa 9:00 alasiri

Radi. Nazungumza kidogo kuhusu radi kwa sababu kuna vijana wanaona ni ushujaa kuendesha chini yake. Ukiona mwanga anza kuhesabu: kila sekunde tatu kabla ya mlio ni kilomita moja. Ikifika thelathini na inapungua, nipo ndani. Ndani ni nyumba au duka. Chini ya mwembe si ndani, na barabara zetu zimejaa miembe inayokaribisha wajinga. Siku ya radi sifanyi mazoezi na sijilaumu. Lawama naiweka kwa siku za manyunyu tu, zile ninazoziita mvua kubwa nikiwa bado kitandani.

Saa 1:00 usiku

Jumatano na Ijumaa kuna kazi ya pili, na hii niliiiga kwa Wazungu wa sebuleni. Nimetengeneza mabomba ya kuendeshea baiskeli ndani: mabomba matatu ya chuma yaliyolala kwenye fremu ya mbao, kila moja na gololi za pikipiki pande zote. Mawili yanabeba gurudumu la nyuma, moja la mbele, na mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori unaunganisha la mbele na la nyuma ili magurudumu yote yazunguke. Bila mkanda gurudumu la mbele linasimama, na baiskeli isiyozungusha gurudumu la mbele haikai wima. Hilo nalo nililijua kwa kuanguka, mara mbili, kijana akicheka mlangoni. Mara ya tatu kosa lilikuwa bomba la mbele: nilikuwa nimelirudisha nyuma mno ya ekseli, nikaruka mbele hadi kwenye ndoo ya mafuta machafu.

Mabomba haya hayahitaji umeme, kwa hiyo ukikatika siathiriki. Tatizo ni joto, maana hakuna upepo wa kukupoza kama barabarani, nikaacha mlango wazi. Na mlango wazi usiku baada ya mvua maana yake ni kumbikumbi. Wamekuja kufuata taa kwa mamia, wengine kwenye nywele, wawili mdomoni. Watoto wa jirani wakaingia na beseni, wakawa wanaokota chini ya baiskeli yangu nikiendelea kuzungusha, kama mimi ni sehemu ya samani. Nilitaka dakika arobaini, nikafika thelathini na mbili. Kumbikumbi wamenipunguzia nane. Mbwa na kumbikumbi. Siku zangu zote mbovu zina mnyama wa kusingiziwa.

Saa 3:00 usiku

Nimeoga, nimeandika kwenye daftari: kilomita 34, nguzo mara saba, mabomba dakika 32. Kasi siandiki masika. Treni inapiga honi kule stesheni, mvua imeanza tena taratibu.

Ujumbe unaingia. Mama wa mgahawa: kesho na keshokutwa amefunga, anakwenda msibani Urambo. Nampa pole kwa moyo mweupe, kisha, Mungu anisamehe, najinyoosha kitandani kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu hatokuja. Nampigia mzee.

"Mzee shikamoo. Kesho sitakuja, mteja wangu mkubwa amefiwa."

Kimya. Nasikia mvua ya kwake ikiungana na ya kwangu.

"Marahaba. Umeshawaambia ng'ombe?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kweli, wateja wengine wawili bado wanasubiri lita ishirini, na lita kumi zitamwagwa. Nikaanza kupekua namba. Dada mmoja anayeuza uji na chai mlangoni pa shule, mtaa wa Ng'ambo, amekubali kuzichukua zote siku mbili, ila anazitaka saa 1:15 asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia darasani.

Nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, nikasogeza alamu hadi saa 10:00. Nikampigia mzee tena, kumwomba kesho waanze kukamua mapema kidogo.

"Hilo," akasema, "njoo uwaambie mwenyewe," akakata simu.