Koti langu nimelikuta Sido

Jumamosi iliyopita nimeenda soko la Sido, hapa Mbeya, kutafuta zipu ya begi la mtoto, nikakutana na koti langu. Yani langu kabisa, la kijivu, refu mpaka magotini, vifungo vinne vyeusi na kimoja cha kahawia, maana cheusi cha tano kilidondokea kwenye daladala nikashonea cha blauzi ya zamani. Limetundikwa mbele kabisa kama bibi harusi. Nikamuuliza yule kijana bei, akaniangalia nilivyojikunyata akasema kumi na tano dada, ila wewe chukua kwa kumi na mbili, baridi hii utapata kichomi bure. Mi lile koti niliuza elfu tatu. Mwezi wa kumi, jua linawaka, nikajiona mjanja.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili mnielewe.

Mwaka jana duka nililokuwa nauza lilifungwa, mwenye duka akasema tutaitana mambo yakikaa sawa, mpaka leo sijaitwa. Kodi ya chumba ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Mikopo ya kausha damu nilishaapa sigusi, jirani yangu walikuja kumchukulia sabufa na jiko la gesi huku amebandika maharage, wakalishusha sufuria chini kwa adabu kabisa wakaondoka na jiko. Kwaiyo nikakaa kitandani nikaangalia chumba changu kona hadi kona, nikaona humu ndani kuna hela imelala tu, imekunjwa, imewekwa dawa ya nondo.

Nilikuwa na makoti na masweta kumi na moja, mtu mmoja. Hiyo ni stori ya 2016, marais wa Afrika Mashariki walipokubaliana nchi zielekee kuachana na mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vya ndani vikue, mi nikasikia nusu nusu kwamba mitumba mwisho 2019, nikapaniki, kila nikipata hela nakimbilia Mwanjelwa kununua sweta la akiba kama mtu anayewahi sukari kabla haijapanda. Mwishowe Rwanda ndo walikomaa nalo wakapandisha ushuru, sisi tukarudi nyuma, mabelo yakaendelea kufunguliwa asubuhi kama kawaida na mi nikabaki na kabati halifungi mlango.

Sa kuuza. Nilianza na stetasi ya wasapu, nikapiga picha usiku kwa taa ya njano, kila kitu kikaonekana kimechakaa, chini nikaandika bei maelewano. Jamani, kama unauza kitu usiandike bei maelewano. Watu ishirini watakuuliza "ipo?", ukijibu ipo wanauliza "mwisho shingapi", ukitaja wanapotea, mmoja akaniambia nimtumie kwa bodaboda akiona limemfaa ndo atalipa, na nauli ya boda nilipe mimi. Siku ya pili nikapiga picha mlangoni saa nne asubuhi, nikaandika bei, nikaandika na ubovu wake wote (blenda inafanya kazi ila kifuniko kina ufa) na ile blenda ikaondoka kabla ya chai ya saa kumi. Mtu akishaambiwa ubovu mapema anaacha kuutafuta.

Wateja nisiowajua tulikuwa tunakutana Kabwe, mchana, palipo na watu. Na hela ya simu naangalia salio langu mwenyewe, siangalii meseji, kuna meseji nyingine zimetungwa vizuri kuliko za mtandao wenyewe.

Ila kosa langu kubwa lilikuwa majira, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sikuambiwa na mtu. Huku Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ukipanda Uyole ndo zaidi, mwezi wa sita na wa saba asubuhi unaongea mdomo unatoa moshi. Lakini mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijakolea kuna joto lake fulani linalokudanganya kabisa. Mi nikatoa masweta tisa mwezi wa kumi. Yule mama aliyeyanunua kwa jumla hata hakubishana sana, alikunja akaingiza kwenye kiroba akasema asante mwanangu, sikuelewa kwanini anatabasamu vile. Alienda kuyalaza. Angojee miezi sita tu. Sa hivi mi najua: sweta na blanketi ni kuanzia mwezi wa nne mwishoni mvua zikipungua, mabuti ya mvua ni mwezi wa kumi na moja, sare na mabegi ya shule ni ile wiki ya krismasi mpaka shule zikifunguliwa, na viatu vya mtoto uza siku hiyo hiyo vilipombana, ukingoja mdogo wake aje kuvivaa vinakufa soli stoo. Mdogo wake mwenyewe hata hajapangwa.

Alafu kuna wale wanaopita mtaani na mabeseni kichwani, unawapa nguo kuukuu wanakupa chombo. Nilitoa suruali sita nikapewa beseni moja, likapasuka wiki ya pili. Sirudii. Suruali sita hata ukimwaga chini kwa buku buku ni elfu sita, na beseni la elfu nne unanunua linabaki na chenji. Ila mama mwenye nyumba wangu anawapenda sana hao, anasema yeye anachonunua siyo beseni, ananunua nafasi kabatini. Labda.

Kutoa bure ndo kulikuwa kugumu. Ukishazoea kuuza kila kitu unakiona kina bei usoni, hata kikombe kisicho na mkono. Nilikuwa na kitanda kidogo cha mtoto cha mbao, nimekitangaza wiki tatu kwa elfu arobaini, wanakuja wanakitikisa wanaondoka. Nyuma ya nyumba yetu kuna binti alikuwa amejifungua, mama yake kaja kutoka Isyonje kumlea, mtoto wanamlaza katikati yao. Mama yangu yuko Kilolo, nikimpigia simu ananisalimia kamwene vizuri kwa Kihehe alafu ananichamba, siku hiyo akaniambia hicho kitanda wewe ulipewa na nani? Nikakumbuka nilipewa na shangazi. Nikakibeba jioni hiyo hiyo nikakipeleka. Yule mama wa Isyonje akasema ndaga fijo, ndaga fijo, yani asante sana, mara sijui ngapi mpaka nikaona aibu na zile wiki tatu za kutangaza.

Sasa yule mama ana shamba la viazi huko kwao, ile njia ya kupandia Kitulo. Walipovuna akaniambia mwanangu njoo na kiroba. Anayejua viazi anajua, wakishapita wachimbaji na wakashafunga lumbesa zao, ardhini vinabaki vingi tu, vidogo vidogo na vile vilivyokatwa na jembe, havina soko. Tumeokoteza siku nzima mimi na mabinti wawili wa hapo, mgongo nilidhani umehama, nikarudi na kiroba na nusu. Vilivyokatwa unakula kwanza maana vinaoza upesi, na vilivyogeuka kijani kwa kukaa juani usile, ni sumu, vinauma tumbo. Tumekula viazi mpaka mtoto akauliza kama wali umekatazwa.

Hapo ndo nikaanza kuangalia chini nikitembea. Mboga kwa kweli mvua zikianza sinunui sana, mnavu upo kila palipomwagwa samadi, mchicha pori upo, na mashona nguo yakiwa bado machanga kabla hayajatoa yale maua yake unachemsha unachanganya na karanga, watoto wa siku hizi wakiambiwa jina wanakataa, usiwaambie jina. Mnavu mchungu mwage maji ya kwanza, na vile vitunda vya kijani usitie chunguni. Ila sichumi pembeni ya shamba la viazi la mtu hata mboga iwe imenawiri vipi, viazi vinapigwa dawa ya ukungu mara kwa mara na upepo hauna mpaka. Wala pembeni ya barabara kuu, malori ya Tunduma yanavyotema moshi yale. Na nikichuma kwa mtu naomba. Kuomba kunachukua dakika moja na mara nyingi unaongezewa na boga.

Moto pia. Matunda ya paini yaliyokauka, yale magamba magamba, ukiokota kiroba kimoja yanawasha jiko la mkaa miezi miwili bila mafuta ya taa.

Uyoga ni habari nyingine. Mi nimekulia Iringa, mwezi wa kwanza mvua zikishazoea tunaingia miombo na bibi, tukirudi tuna kikapu cha uyoga na mifuko ya sare imejaa makusu, yale matunda pori, na ukipita barabara kuu upande wa Mafinga kipindi hicho utaona uyoga umepangwa kwenye vindoo pembeni. Huu siyo ule wa kuotesha kwenye mifuko. Uyoga mwingi wa miombo unaishi na mizizi ya miti, wanalishana, kwaiyo ukikata miti kuchoma mkaa umekata na mboga, huwezi kuuhamishia uani kwako. Bibi alikuwa anaujua kwa kuugeuza, ananusa, anaangalia shina mpaka kwenye udongo kama kuna kikombe chini, mwingine anautupa mbali bila maelezo. Mi ninaoujua kwa uhakika ni aina mbili na ule mkubwa wa kichuguu, basi, mwingine hata uning'inie mbele ya pua yangu nauacha. Kuna mtu grupu moja aliandika kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama. Siyo kweli, konokono tumbo lake siyo lako. Na ile sumu mbaya kabisa kuchemsha hakuitoi, tena inaweza kukaa masaa sita au zaidi kimya kabla tumbo halijaanza, muda huo nyumba nzima mmeshakula.

Na mniachie vikanda, vile viazi vya okidi pori. Mtu aliniambia dada mbona hukusanyi vile viazi vya maua ya Kitulo, Wazambia wanavinunua sana kutengenezea chikanda, chakula chao. Najua wanavinunua. Lakini ukichimba kile kiazi umeng'oa mmea wenyewe, mwakani hakuna ua wala kiazi, na ni moja ya sababu ile sehemu iliwekwa hifadhi ya taifa 2005. Kuchuma jani na kung'oa mmea ni vitu viwili.

Haya, turudi Sido. Nimesimama pale nimelishika koti, nikamwambia yule kijana hili koti ni langu, mi ndo nililiuza. Nikamwonyesha kifungo cha kahawia na uzi wa bluu niliotumia kwa sababu mweusi uliisha. Nilidhani atanionea huruma. Akacheka mpaka akaita wenzake, akasema basi dada wewe ndo unajua ubora wake kuliko mimi, ungekuwa mgeni ningekueleza. Wenzake nao wanacheka, mmoja anasema mpe bei ya mwenye mali. Tukavutana, mi elfu sita yeye kumi na mbili, mi saba yeye kumi na moja, kaupepo ka jioni kakapita pale katikati ya meza, nikasikia mpaka kwenye mbavu.

Nikalipa elfu kumi. Nikalivaa hapo hapo, nikapanda daladala, nimefika nyumbani mtoto ananiuliza zipu iko wapi.

Jumatatu kaenda shule begi limefungwa kwa pini mbili.