Guatemala: nilifuata volkano, nikaishia kwenye kinu cha ndizi

Mimi mtu wa Pangani ila kwa sasa naishi Houston, na kutoka hapa mpaka Guatemala City ni ndege ya kama masaa matatu tu, kwa hiyo nilivyopata likizo ya siku kumi nikasema wacha niende. Naandika hii kwa sababu kila nikiulizwa na watu hapa "Guatemala kuna nini cha kuona" najikuta naongelea kitu kimoja tu, tena hakipo kwenye mapicha ya matangazo.

Antigua ni mji mzuri, nyumba za rangi na makanisa yaliyobomoka na tetemeko la mwaka 1773 mpaka wakahamisha makao makuu. Ziwa Atitlán nalo zuri sana, limezungukwa na volkano. Nilipanda volkano ya Acatenango, karibu mita 4,000, baridi ya kule juu sijawahi kuiona maishani, ukilala kwenye hema unaangalia mlima wa jirani yake, Fuego, unatapika moto usiku kucha. Tikal pia nilifika, hekalu refu la Wamaya lina karibu mita 65, ukiwa juu yake unaona vichwa vya mahekalu mengine vimechomoza juu ya msitu. Mkienda nendeni kote huko, sitawazuia. Ila bei jamani. Chumba cha feni tu, choo cha nje, wanakutajia dola kama ndiyo hoteli ya nyota.

Sasa kutoka Tikal unalala Flores, na pale Flores nikakata tiketi kwa wakala mmoja wa mabasi madogo ya watalii. Nikamuuliza mara mbili, hii inanifikisha Livingston, ule mji wa pwani, kabisa? Akasema ndiyo, basi na boti, kila kitu kimo. Livingston haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine ya nchi, unafika kwa maji tu, ndiyo maana niliuliza. (Na sio yule Livingstone wetu wa Ujiji, huyu ni Edward Livingston, mwanasheria wa Marekani ambaye sheria alizoandika zilichukuliwa na Guatemala miaka ya 1830.) Basi tukashushwa Río Dulce, mji ulio kando ya mto wa jina hilohilo, saa sita mchana jua linawaka, mwenye boti anaangalia karatasi yangu anatikisa kichwa, hii ni ya basi tu. Kupiga simu kwa wakala haipokelewi. Nikalipa quetzal (hela ya kule) 150 nyingine, karibu dola 20, na iliniuma sana, sio kwa ajili ya hela bali kwa sababu yule mtu aliniangalia machoni akanidanganya. Mkifika Flores lipeni basi peke yake, boti mtalipa gatini.

Ila ile boti, aisee. Mwanzoni unapita ngome ya San Felipe ambayo Wahispania waliijenga kuzuia maharamia wasiingie Ziwa Izabal, halafu mto unapanuka, halafu unabana katikati ya majabali marefu yaliyofunikwa na miti mpaka majini, ndege wakubwa weupe wamekaa kwenye vigogo. Mwisho mto unafunguka na unaona bahari na minazi, na mimi nikanyamaza kabisa kwa sababu ni Pangani ile. Mto unaingia baharini, mji umekaa mdomoni, mitumbwi, watoto weusi wanaruka majini kutoka gatini. Baadaye nikaambiwa wenyewe mji wao wanauita Labuga, yaani mdomo.

Wenyeji weusi wa pale ni Wagarifuna. Nilikuwa nimewasoma kidogo lakini kusoma ni kitu kingine. Asubuhi ya pili natembea kuelekea njia ya Siete Altares, yale maporomoko ya maji, nikasikia mlio ambao ukizaliwa pwani huwezi kuukosea, mchi kwenye kinu. Nikafuata. Nyuma ya nyumba moja bibi mmoja mtu mzima anatwanga ndizi za kuchemsha, pembeni sufuria la samaki kwenye tui la nazi linachemka taratibu, na harufu yake ni ya jikoni kwa mama yangu, sina namna nyingine ya kusema. Nikasalimia kwa Kihispania changu cha kuokoteza, bibi akanijibu kwa lugha yake. Akatoka mjukuu wake aliyewahi kuishi Bronx, New York, miaka kadhaa, anaongea Kiingereza, akanikaribisha nikae.

Chakula chenyewe kinaitwa hudut. Na kile kinu wanakiita "hana", nikamwambia kwetu hana maana yake mtu asiye na kitu, bibi akacheka mpaka akaweka mchi chini. Halafu akaanza kuhesabu ndizi za kuongezea sufuriani: aban, biama, ürüwa, gádürü, seingü, sisi. Nikashtuka. Nikamuuliza mjukuu, amesema nini? Sita, akasema. Nikamwambia sisi kwetu ndiyo mimi na wewe na wote tuliokaa hapa. Akamtafsiria bibi, na bibi akanyoosha kidole kwangu, kwa mjukuu, kwake mwenyewe, akasema "sisi". Mwili ulinisisimka.

Mjukuu akanieleza kwamba kuanzia nne kwenda juu hesabu zao zimetoka Kifaransa, maana wazee wao walikaa na Wafaransa kisiwani Saint Vincent, huko Karibea, na lugha yenyewe asili yake ni ya Waindio wa visiwa vile, sio ya Afrika. Nikafikiria hata sisi sita, saba na tisa tulizitoa kwa Waarabu na hakuna anayeona ajabu. Akaendelea: babu zao Waafrika walichanganyika na wenyeji wa kisiwa, wakapigana na Waingereza, kiongozi wao Chatoyer akauawa 1795, na 1797 wakapakiwa melini wakatupwa Roatán, kisiwa cha Honduras. Kabla ya hapo walifungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Balliceaux na karibu nusu yao walifia huko. Walipofika Roatán walikuwa kama elfu mbili tu, wakasambaa pwani mpaka hapa. Alikuwa anasimulia huku anakuna nazi, hakuacha hata kidogo, kama mtu anayesimulia mambo ya jana.

Wakanionyesha na ereba, mkate wao wa muhogo mchungu. Wanakwangua muhogo, wanaukamua kwenye mfuko mrefu wa kusukwa unaoitwa ruguma ili maji yenye sumu yatoke, halafu wanauoka kwenye bamba la chuma, mwembamba na mkavu kabisa. Muhogo kumbe ulitoka upande huu wa dunia ukaletwa kwetu na Wareno, na minazi nayo ikavushwa kutoka kwetu kwenda kwao. Nilikaa pale mpaka alasiri, Siete Altares sikufika na sijutii.

Ila niseme ukweli, mgahawani gatini supu ileile ya samaki na nazi, wanaiita tapado, ni quetzal 120, na sehemu kubwa ya watalii wanashuka botini, wanakula pale, wanapiga picha za wapiga ngoma, wanapanda boti ya jioni wanaondoka. Mjukuu aliniambia vijana wengi wamehamia New York kwa sababu kazi hakuna. Hilo nalijua, na mimi nimeondoka Pangani kwa sababu hiyohiyo. Ukienda lala siku mbili, ulizia akina mama wanaopika nyumbani, walipe wao.

Usiku nilimpigia mama video nikamwonyesha picha za lile jiko. Hakuuliza volkano wala nini. Aliuliza, "Nazi wanakunia nini, wana mbuzi?" Nikamwambia hawana mbuzi, wana kikwangulio cha mkono, akasikitika, akasema bibi wa watu atachoka mikono. Ereba nilinunua pakiti mbili, moja nimemaliza na chai, ya pili haijafunguliwa, dada yangu anasafiri kwenda Tanga mwezi wa kumi na mbili atampelekea, pamoja na picha ya bibi ameshika mchi.